Kuchagua Vifaa vya Kwanza vya Kulala Porini kwa Machela kwa Bajeti Ndogo

Mtu anayetaka kulala porini kwa machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti, kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza kwa kuuliza ni machela ipi iliyo bora. Swali hilo linaeleweka, kwa kuwa machela ndiyo inayoonekana kwenye picha, lakini kitambaa chenyewe ni miongoni mwa sehemu za bei nafuu katika seti nzima, na tofauti kati ya kile cha bei ya juu na kile cha bei ya chini si kubwa kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Kinachomwamsha mtu usiku wa manane ni baridi inayompata mgongoni kutoka chini, mvua inayoingia kwa ubavuni, au magoti yaliyochoka kwa sababu machela ni fupi mno. Aliye na fedha kidogo anapaswa basi kuzigawa kwa kufikiria usiku utakavyokuwa, wala si kwa kufikiria kifaa kitakavyopendeza siku ya kukinunua.

Machela ninayoizungumzia hapa ni kipande kirefu cha kitambaa ambacho kila ncha yake imekusanywa pamoja na kufungwa, kisha kikaning'inizwa kati ya miti miwili. Zipo pia machela zilizotandazwa kwa vijiti viwili kichwani na miguuni, ambazo huonekana kama kitanda na huwavutia wanunuzi wengi dukani. Hizo hufaa kwa kupumzika bustanini mchana. Kwa safari ni nzito, na kwa kuwa kitambaa kimevutwa kikawa tambarare, mtu hulala juu yake badala ya kulala ndani yake, hivyo akijigeuza usingizini hupinduka kwa urahisi. Zile za kusuka kwa kamba ni za starehe sana penye joto, na Wataino, wenyeji wa asili wa visiwa vya Karibi, waliziita hamaca, lakini nafasi zilizo kati ya kamba hunasa vifungo na zipu, na mbu hupenya bila taabu.

Urefu na upana

Kosa kubwa la machela za bei ndogo ni ufupi. Nyingi zina urefu wa mita 2.7 hivi, na mtu wa kimo cha kawaida akilala humo hulazimika kujipinda kama ndizi, kwa sababu hana nafasi ya kulala kimshazari. Siri ya machela ni hiyo: mtu hapaswi kulala kwa kufuata mstari wa katikati, bali huhamisha kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, hata mwili ukakatiza mstari huo kwa pembe ndogo. Afanyapo hivyo, kitambaa kilicho chini yake hutanuka, mgongo hunyooka karibu kama kitandani, na anaweza hata kulala kwa ubavu. Ili jambo hilo liwezekane, machela inahitaji urefu wa mita 3 kwa uchache, nami ningemshauri yeyote mwenye kimo cha zaidi ya mita 1.75 asinunue iliyo chini ya mita 3.3. Upana wa mita 1.5 unatosha. Zile pana zaidi zinazouzwa kwa jina la machela ya watu wawili ni nzuri kwa mtu mmoja; kwa wawili usiku kucha, wote huteremka katikati na kubanana, na asubuhi hakuna aliyelala.

Kuhusu kitambaa, nailoni au poliesta yenye vijistari vya kuzuia kuchanika ndiyo inayofaa. Nailoni hunyumbuka kidogo na wengi huiona laini zaidi mwilini, ilhali poliesta haivutiki sana. Pamba ni nzuri kwa ngozi lakini hunywa maji, huwa nzito na huchelewa kukauka, kwa hiyo iachwe nyumbani. Anayejua kutumia cherehani, au aliye na fundi wa karibu, anaweza kupunguza gharama zaidi kwa kununua mita 4 za kitambaa imara chenye upana wa mita 1.5, akakunja pindo pande zote mbili ndefu, kisha akashona mfereji wa kupitishia kamba kwenye kila ncha. Ni kazi ya alasiri moja. Jambo la kuangalia ni mshono wa ncha, ambao ndio unaobeba mzigo wote: ushonwe mara tatu kwa uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza.

Mikanda ndiyo isiyofanyiwa mzaha

Machela nyingi za bei ndogo huja na kamba nyembamba mbili, na mtu hufurahi akidhani ameokoa fedha. Kamba hizo zina kasoro mbili. Kwanza, hukata gome la mti, na chini tu ya gome ndipo ilipo tabaka laini inayoufanya mti ukue, hivyo kuijeruhi ni kuujeruhi mti wenyewe. Ndiyo maana sehemu nyingi zinazoruhusu machela hudai mikanda mipana. Pili, nyingi hunyumbuka kadiri saa zinavyopita, na aliyelala akiwa nusu mita juu ya ardhi huamka akiwa amekalia majani. Nunua mikanda ya poliesta yenye upana usiopungua sentimita 2.5 na urefu wa mita 3 kila mmoja. Mikanda ya nailoni hunyumbuka, hasa ikilowa, kwa hiyo uliza au soma lebo kabla ya kulipa.

Njia moja ya kubana matumizi bila kuhatarisha mgongo ni kutafuta mikanda ya kufungia mizigo kwenye magari. Mingi ni ya poliesta, ina nguvu kuliko uhitaji wako, na uzito inaoweza kubeba huwa umeandikwa juu yake. Chuma cha kukazia huondolewa, mkanda hukatwa kwa urefu unaotakiwa, na ncha iliyokatwa huunguzwa kidogo kwa moto ili nyuzi zisifumuke.

Kwa nini niwe mkali kuhusu mikanda? Kwa sababu nguvu inayoivuta si uzito wa mtu tu, bali hutegemea pembe ya kufunga. Mtu wa kilo 70 aliyefunga mikanda yake kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi huvuta kila mkanda kwa nguvu inayolingana na kilo 70. Akiona machela imelegea na akaamua kuikaza mpaka pembe ikawa nyuzi 10, nguvu hiyo hupanda hadi karibu kilo 200 kwa kila upande. Kwa nyuzi 5 hukaribia kilo 400. Na hapo hajajitupa kwa kishindo. Tamaa ya kukaza machela iwe kama kitanda ndiyo inayokata kamba, inayong'oa miti michanga, na ajabu ni kwamba ndiyo pia inayofanya machela isilalike, kwa kuwa kingo za kitambaa hubana mabega. Machela hulegezwa. Inapaswa kuonekana kama tabasamu.

Ukiwa na mikanda ambayo kila mmoja unakatika kwa mzigo wa kilo 600 au zaidi, una nafasi ya kutosha ya makosa. Kulabu za chuma za kuunganishia ziwe zile zilizoandikwa mzigo zinaoweza kubeba. Vile vikulabu vidogo vya kuning'inizia funguo, hata vikiwa na umbo lilelile, si vya kubeba mtu.

Kuna kamba moja zaidi, kamba ya katikati, ambayo haigharimu karibu chochote na ambayo anayeanza hapaswi kuikosa. Ni kamba nyembamba isiyonyumbuka inayofungwa kutoka ncha moja ya machela hadi nyingine, juu ya kitambaa, ikiwa na urefu wa asilimia 83 hivi ya urefu wa machela. Kwa machela ya mita 3.3 hiyo ni kama mita 2.75. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kitambaa kinalegea kwa kiasi kilekile kila mara, hata kama miti imekaribiana au imeachana, na hivyo hakuna haja ya kubahatisha upya kila jioni. Chandarua hutundikwa juu yake, na taa, na miwani.

Baridi ya chini

Hapa ndipo wengi hushindwa, na ndipo ningetaka fedha nyingi ziende. Aliyezoea hema huamini kwamba mfuko mnene wa kulalia unatosha. Ndani ya machela mfuko huo hubanwa na uzito wa mwili, na manyoya au nyuzi zilizobanwa hazina hewa ya kuhifadhi joto. Wakati huohuo upepo hupita chini ya kitambaa bila kizuizi na kuubeba joto wote wa mgongo. Usiku wangu wa kwanza nilikuwa na mfuko mzuri wa kulalia na bila kitu chini, na kufikia saa tisa usiku nilikuwa nimekaa kando ya majivu ya moto nikingoja jua. Hata usiku ambao mtu angeuita wa joto, hewa ikishuka chini ya nyuzi joto 20 hivi, wengi huanza kuhisi ubaridi makalioni na mabegani.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni godoro jembamba la povu lililofungamana, lile gumu kidogo ambalo halinywi maji na ambalo hukunjwa na kufungwa nje ya mkoba. Lenye unene wa sentimita moja hufanya kazi nzuri katika usiku wa baridi ya wastani. Lina kero zake: huteleza, huwa jembamba kuliko mabega, na hufanya mgongo utoe jasho. Kuteleza hupungua ukiliingiza ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe, au ukinunua machela yenye matabaka mawili ya kitambaa, ambayo hukupa nafasi ya kulisukuma katikati likatulia. Tabaka la pili huongeza uzito na bei kidogo tu, na kwa anayetegemea godoro la povu naona lina thamani yake. Kuhusu mabega, kata kipande cha sentimita 50 kutoka godoro jingine chakavu na ukiweke kwa kukingama chini ya mabega, ili povu lipande pande zote mbili.

Njia ya pili, ambayo wazoefu wengi huishia kwayo, ni mfarishi unaotundikwa nje, chini ya machela, mahali ambapo mwili hauwezi kuubana. Ya madukani ni ghali, pengine ghali kuliko vifaa vingine vyote pamoja, lakini si lazima kununua. Mfarishi wowote mwepesi wenye nyuzi za poliesta ndani unaweza kushonewa mifereji miwili mifupi kichwani na miguuni, ukapitishwa kamba ya mpira, na ukatundikwa kwenye ncha za machela. Sharti ni moja: uguse kitambaa cha machela kwa urefu wote wa mgongo bila kuacha uwazi na bila kukazwa hadi ukabanwa. Uwazi wa upana wa kiganja tu unatosha kuingiza upepo na kuharibu kazi yote. Kabla ya kulala, ingia ndani, kisha mwombe mwenzako apitishe mkono chini na akuambie ni wapi mfarishi umeachana na kitambaa.

Mwenye mfuko wa kulalia wa zamani wenye zipu inayofika hadi miguuni anaweza kufungua tundu dogo sehemu ya miguu, akapitisha machela yote ndani ya mfuko huo, kisha akafunga zipu ukabaki umeizunguka. Si nadhifu, na kuingia ndani yake huhitaji subira, lakini una joto.

Turubai

Machela bila paa ni kwa usiku ambao una uhakika na anga, na uhakika huo ni nadra. Turubai likinunuliwa kwa busara hulinda dhidi ya mvua na pia hupunguza upepo, yaani husaidia hata katika suala la baridi. Kipimo cha kuangalia kwanza ni urefu wake ukilinganishwa na ile kamba ya katikati. Turubai la mita 3 kwa 3 likitandazwa sambamba na machela hubakiza sentimita 12 tu kila ncha kwa machela yenye kamba ya mita 2.75, na mvua ya kwanza italowesha kichwa na miguu. Turubai hilohilo likizungushwa ili kona zake mbili zielekee kwenye miti hupata urefu wa mita 4.24, na sasa kila ncha ina karibu sentimita 75 za ziada. Kona zilizobaki huvutwa chini pande mbili kwa vigingi. Mpangilio huo hutosha kwa mvua inayonyesha wima. Kwa mvua ya upepo, turubai la mita 3 kwa 4, likiwa na upande mrefu juu, hukinga vizuri zaidi kwa sababu hushuka mita moja na nusu kila upande.

Turubai la plastiki iliyosukwa, lile la kufunikia mizigo, ni zito na hupiga kelele upepo ukivuma. Hata hivyo halivuji, na kwa safari za kwanza ambazo hazihusu kutembea siku nzima sioni aibu yoyote kulitumia. Ukiongeza fedha, tafuta la poliesta lililopakwa silikoni, kwa kuwa la nailoni huning'inia likilowa na hulazimu mtu aamke kulikaza. Vyovyote iwavyo, kagua tundu za kona kabla ya kulipa, maana ndizo zinazochanika mwanzo.

Maji yana hila moja ambayo turubai haliizuii. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwenye shina la mti, hufuata mkanda, na kuingia kwenye machela taratibu hadi mgongo ulowe. Funga kipande cha uzi wa pamba au kamba ya kiatu kwenye mkanda, karibu na machela na chini ya paa, ukiache kining'inie. Maji yatafuata uzi huo na kudondoka chini.

Chandarua

Penye mbu, chandarua si anasa, na penye malaria si hiari kabisa, kwa kuwa mbu wa Anofelesi huuma zaidi usiku. Machela zenye chandarua kilichoshonwa moja kwa moja hurahisisha maisha, ila huwezi kukiondoa kwa urahisi ukitaka kukaa mchana. Mwenye bajeti ndogo anaweza kutumia chandarua cha kawaida cha kitandani, kikatundikwa juu ya ile kamba ya katikati na kukusanywa chini ya machela kwa kamba ya kukazia. Kiwe kipana cha kutosha kisiguse mwili. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mbu huuma pia kupitia kitambaa chembamba kutoka chini, hivyo chandarua kinachofunika juu tu hakikutoshi isipokuwa una godoro la povu au mfarishi mgongoni.

Kuifunga

Tafuta miti miwili hai yenye shina lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, iliyoachana kwa mita 4 hadi 5. Kabla ya kitu kingine chochote, tazama juu. Tawi kavu lililonasa kwenye matawi mengine ni sababu ya kuhama, hata kama mahali pengine pote panapendeza. Kwa miti iliyoachana mita 4.5, mikanda hufungwa kwenye urefu wa mita 1.8 hivi, kwa mita 6 utahitaji kufunga mita 2.3, ambako wengi hawafiki, na ndiyo sababu sipendekezi miti iliyo mbali. Kupima pembe, nyoosha kidole cha shahada sambamba na ardhi kikielekea kwenye machela, usimamishe kidole gumba wima: mkanda ufuate mstari wa kufikirika unaotoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada. Ukishaketi, makalio yawe kwenye urefu wa kiti, sentimita 45 hadi 50, na kamwe machela isifungwe juu ya jiwe, kisiki au mteremko, kwa sababu anguko la nusu mita ni dogo tu pale panapoangukiwa palipo laini. Keti polepole mara ya kwanza, subiri dakika chache, kisha kaza kile kilicholegea. Upande wa miguu ukifungwa juu kidogo kuliko wa kichwa, mwili hautateleza kuelekea miguuni usiku.

Kama fedha hazitoshi kununua vyote kwa mpigo, ningeanza na machela ndefu na mikanda mizuri, nikavitumia mchana kwa wiki kadhaa, halafu nikaongeza godoro la povu, kisha turubai, na chandarua kikatangulia vyote hivyo iwapo mahali pana mbu. Kabla ya safari ya kweli, lala usiku mmoja karibu na nyumba, mahali ambapo mlango uko hatua chache. Ukihisi mgongo unapoa, ingia ndani ukalale, na asubuhi uongeze povu pale hasa ulipoanza kuhisi baridi.